Vituo Vitano na Mpangaji Mmoja

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, robo saa tu, ya kutia vumbi aibu. Tukiwa mezani mdogo wangu akatangaza kwamba kwa kuwa Binti, mwanawe, amefaulu chuo, mwezi wa sita sote wanne tutasafiri. Si kwenda kusalimia ndugu. Safari hasa, ya kitalii, vituo vitano, miji ya pwani na maajabu ya asili. Alitamka "maajabu ya asili" kama mtu aliyeyasoma maneno hayo kwenye kalenda, na kweli aliyasoma kwenye kalenda; inaning'inia nyuma ya kiti chake, zawadi ya wauza gesi ya majokofu.

"Na Dada ndiye atakayepanga," akasema. "Mwalimu wa jiografia. Dunia nzima anayo kichwani."

Nikasema nitaangalia kama nina nafasi. Moyoni nilikuwa nimeshakubali kabla hajafunga mdomo, lakini katika nyumba hii ukikubali upesi wanakugeuza tarishi.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya safari. Kurasa za mbele ni za ratiba. Hizi za nyuma ni za kusema ukweli, maana ukweli humu ndani hauna pa kukaa. Sebuleni pamejaa televisheni. Uani kuna majokofu saba, sita maiti na moja mahututi. Mdogo wangu ni fundi majokofu, na mteja asiporudi, jokofu tunalirithi sisi. Ukishalipita la saba ndipo unapofika mlango wa chumba changu. Nimekaa humo miaka ishirini na mmoja, tangu alipojenga.

Wifi yangu ni fundi cherehani. Aliacha shule kidato cha pili na hajawahi kuitafuta tena. Chumba cha mbele ameweka cherehani tatu na wanawake watatu, na mdomo wake unakwenda kasi kuliko zote. Binti anasema nyumba hii ina wifi wawili na waifai moja, na inayokatika ni ile ya tatu tu. Ni mzaha pekee wa maana aliowahi kuutoa tangu azaliwe.

Alhamisi, 6 Machi

Niliomba kila mtu aandike anachotaka kuona. Mdogo wangu: "Mahali penye hewa." Hewa! Kana kwamba kuna miji imeishiwa. Binti ameorodhesha hoteli kumi na moja zenye bwawa la kuogelea, yaani asafiri kote huko mpaka baharini, kisha akaoge kwenye beseni. Wifi hakuandika kitu. Alipita na mkebe wake wa pini akasema, "Mimi popote, ilmradi pawe na maduka ya vitambaa." Nikamwandikia: popote. Ndilo neno linalomfaa.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo. Ratiba imekamilika, nayo ni nzuri. Nisipojisifu mwenyewe, nani humu atajua alichokiona? Kituo cha Kwanza ni mji wa bandari, mitaa ya kale na ngome. Cha Pili, mapango ya baharini ambayo maji yakijaa hunguruma hadi barabarani. Cha Tatu, kisiwa cha matumbawe, kwa boti, na pana uwanja mdogo wa ndege. Cha Nne, Maporomoko, kwa kindege kutoka hapo kisiwani. Cha Tano, mji wenye ufukwe mrefu, wakapumzike watu ambao kwa ninavyowajua hawatakuwa wamechoka.

Kwenye hicho cha Nne ndipo nilipo mimi. Nimefundisha Maporomoko miaka thelathini na mmoja. Nimeyachora ubaoni kila mwaka, madarasa manne, chaki nyeupe kwa maji na ya buluu kwa ukungu. Na sijawahi kuyaona. Mwaka wangu wa kwanza kazini, msichana wa dawati la mbele aliniuliza, "Mwalimu, wewe umefika?" Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na darasa lilikuwa linanitisha. Nikasema, "Nimefika." Neno moja tu, likaniganda mpaka leo. Mwaka uliofuata nikalirudia. Nikalirudia nyumbani, kwa sababu mdogo wangu alikuwa akiwaambia majirani kwa majivuno kwamba dada yake ametembea. Baadaye nikaongeza mwongozaji mwenye kofia. Sasa wote wanaamini, na kila nilipofikiria kwenda kweli nilishindwa niage vipi. Ningesema ninakwenda kufanya nini mahali nilipokwisha kufika?

Safari hii ndiyo nafasi yangu. Nitakwenda "mara ya pili", nitasimama mbele yake, uwongo utageuka kweli na hakuna atakayejua. Nayataka Maporomoko yale kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, mume akiwemo.

Jumapili, 16 Machi

Wifi ameisoma ratiba akiwa amesimama, mkasi mkononi.

"Hiki cha nne kitolewe," akasema.

"Kwa nini?"

"Maporomoko si maji yanayoanguka? Maji hata hapa yanaanguka, hebu tazama dirishani. Hapo tuweke ule mji wa maduka, siku mbili."

Mdogo wangu, bendera fuata upepo, akasema labda. Nikamweleza wifi taratibu, kama ninavyowaeleza Kidato cha Pili B, kwamba maajabu ya asili na kitambaa cha punguzo ni vitu viwili tofauti. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Wifi, wewe si umeshafika huko? Basi utatusimulia. Inatosha."

Utabishana nini na mwanamke ambaye dunia yake inaishia kwenye pindo la gauni?

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Kidato cha Pili B wanaamini ikweta ni waya. Mmoja ameuliza kama ndege huwa zinaikwepa.

Jumamosi, 5 Aprili

Wifi tena. Tangu siku ile ya mkasi, hii ni mara ya nne. Alianza na mbu, akaja na ngazi zenye utelezi, akaja na udogo wa kile kindege cha kutoka kisiwani. Leo ana mapya.

"Mteja wangu mmoja kafika kule. Anasema waongozaji wana maswali, hao! Uliwahi kuja? Lini? Uliingilia geti lipi? Enzi hizo daraja la kamba lilikuwepo au lilikuwa bado?"

Nikamwambia mteja wake akashonwe mdomo, si yupo kwa fundi tayari. Akarudi kwenye cherehani yake, lakini sikuisikia ikishona. Ndivyo walivyo watu wasiosoma. Wakisikia mahali pana maswali, wanatafuta mlango.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Paa la chumba changu linavuja juu ya meza. Mdogo wangu kasema atalishughulikia. Ndivyo alivyosema masika iliyopita.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumepiga kura na nimeshinda. Binti nilimpata kirahisi, nilimwambia kule upinde wa mvua haukosekani kwenye picha. Mdogo wangu alitazama wengi wako upande gani, akajiunga nao. Wifi akabaki peke yake na mji wake wa maduka. Nilimwonea huruma ya nusu dakika.

"Haya," akasema akikunja kitambaa. "Shauri yako, wifi."

Tulikuwa watatu dhidi yake, naye anasema shauri yako badala ya shauri yenu. Sarufi nayo ni lazima uisome.

Jumamosi, 3 Mei

Tumekwenda ofisi ya safari, mdogo wangu na mimi. Iko ghorofani juu ya duka la miwani. Wakala ni mwanamume mnene mwenye feni inayopeperusha karatasi na mawe matano ya kuzikandamiza, na nimempa jina la Bwana Hamna Shida, kwa sababu hana jibu lingine. Nilimuuliza kama boti ya kisiwani ina maboya ya kujiokolea. Akasema "hamna", akapumua kwanza, ndipo akamalizia "shida, mama". Katikati hapo nilikuwa nimeshazama.

Akanipa fomu nijaze, kwa kuwa bosi, yaani mdogo wangu, hana mwandiko. Jina, umri, nafasi katika familia. Nikajaza. Mdogo wangu: mkuu wa familia. Wifi: mke. Binti: binti. Nilipofika kwangu kalamu ikasita. Dada? Dada ni nani? Dada ni mtu wa kuwekewa sahani yake. Mimi nimekaa miezi miwili na ramani, nimepiga simu hoteli ishirini, nimejua bahari itakupwa saa ngapi siku ya mapango. Bila mimi hawa watu wangefika kituo cha mafuta na kurudi. Nikaandika kwa herufi kubwa: MPANGAJI.

Nilijisikia vizuri, nikikana nitakuwa nimesema uwongo. Tumepewa risiti: familia moja, vituo vitano. Hamna shida.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Mtihani wa majaribio. Swali: taja sababu mbili zinazowafanya watu wasafiri. Mmoja wa Pili B kajibu: kwenda na kurudi. Nimempa nusu alama, kwa ujasiri.

Jumanne, 20 Mei

Redioni wamesema mto umechukua daraja la barabara ya Maporomoko. Hakuna gari litakalopita mpaka kiangazi. Sisi tuna kindege, nani ana shida na daraja? Nimecheka peke yangu.

"Labda ni ishara," wifi akasema.

Ishara! Mwanamke huyu akiangusha sindano atasema ni ishara. Kadri siku zinavyokaribia anazidi kunikodolea macho, nikila, nikisahihisha madaftari, kana kwamba ninaumwa na sijaambiwa.

Jumamosi, 24 Mei

Sijui nianzie wapi. Binti alikwenda kuchukua bahasha ya tiketi. Tukaifungua mezani. Tiketi za watu watatu. Nikahesabu tena, nikaitikisa bahasha, nikaingiza mkono. Watatu.

Mdogo wangu na mimi tulitoka na mvua hiyohiyo. Bwana Hamna Shida akatafuta fomu chini ya jiwe la tatu, akaiweka mbele yetu, tena kwa fahari.

"Hapa, bosi. Mkuu wa familia, mke, binti, na huyu mpangaji wenu. Sasa bei ya familia haichukui wapangaji. Nilidhani mmemwandika kwa sababu ndiye atakayebaki kulinda nyumba."

"Mpangaji wa safari!" nikasema. "Aliyepanga! Kupanga!"

"Sasa mama, na aliyepanga chumba tutamwitaje?"

Miaka thelathini na mmoja nikiwa mwalimu, na nilijikuta nayahesabu mawe yake.

Wakala akapiga simu zake. Vituo vinne akavimaliza upesi, kitanda cha ziada hapa, kiti cha boti pale. Kisha akapiga ya Maporomoko, na kwa mara ya kwanza akaishia kwenye "hamna" tu. Kile kindege kina viti vichache na vyote vimeshikwa mpaka mwezi wa saba. Barabara ndiyo hiyo imeondoka na daraja.

Lakini si hilo lililoniumiza pale. Mdogo wangu alikuwa bado ameishika ile fomu. Alikuwa hacheki.

"Dada. Mpangaji? Nimekudai kodi lini?"

"Nilimaanisha mwenye kupanga—"

"Ungeandika dada. Herufi nne tu."

Tulipofika nyumbani hakuvua hata shati lililolowa. Alichukua ngazi, akapanda juu ya chumba changu, akapigilia bati mvua ikimpiga mgongoni, na nilipomwambia ashuke akaongeza msumari mwingine. Nilikaa chini nikisikiliza nyundo. Anaamini niliandika kwa kinyongo. Anaamini miaka yote hii nimekaa kwake nikijihesabu mtu wa kupanga. Na ubaya ni kwamba siwezi kuapa amekosea kabisa.

Jumapili, 25 Mei

Kikao. Mdogo wangu alianza kwa upole, upole wa mtu ambaye ameshaumia na hataki kuonyesha.

"Nimefikiria hivi. Dada atasafiri nasi kote. Siku za Maporomoko atapumzika pale kisiwani, sisi twende turudi. Yeye ameshayaona. Sisi ndio hatujayaona."

"Kwanza Shangazi hata akifumba macho anayaona," Binti akasema. "Si alinifundisha nikiwa mdogo? Maji hushuka kana kwamba mbingu imetobolewa, na ukungu wake…"

Akaendelea mpaka mwisho, kwa sauti yangu, mikono yangu, kila kitu. Wifi hakuinua uso kwenye pindo alilokuwa akilishona.

Wote wawili wakanitazama wakisubiri nikubali, kwa sababu ni jambo la haki, na mtu mwenye akili asingelikataa. Kulikataa kulihitaji maneno mawili tu: sijawahi kufika. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Sawa. Mimi nimeshayaona."

Nimerudi chumbani nikalia. Nimelia kwa hasira, kwanza kwa Bwana Hamna Shida na mawe yake, kisha kwa yule mjinga aliyeandika MPANGAJI kwa herufi kubwa. Paa halivuji tena. Hata kisingizio cha kulowa uso sina.

Jumatatu, 26 Mei

Asubuhi nikijiandaa kwenda shule, wifi akaingia bila hodi, tepu ya kupimia shingoni.

"Simama nikupime."

"Unipime nini?"

"Koti la mvua. Kule ukungu unalowesha."

"Mimi siendi kule."

"Unakwenda. Mimi kile kindege sipandi. Nimemwambia mdogo wako naogopa."

"Wewe? Wewe ulimuua nyoka bafuni kwa pasi!"

"Basi nimeanza kuogopa sasa. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha, kwa sababu nilikosa la kufanya. Akazungusha tepu kifuani kwangu na kuanza kusema kwa meno, pini zikiwa mdomoni:

"Na ukungu wake hulowesha nguo za msafiri aliye umbali wa hatua mia tatu, na ngurumo yake husikika kabla macho hayajaona. Ukurasa wa arobaini na moja, kitabu cha jiografia, kidato cha pili. Juu kuna picha, kushoto pana madoa ya uchapaji. Mwalimu aliniandikisha mara hamsini, kwa sababu nilikuwa nachora magauni pembeni mwa ile picha. Hamsini, wifi. Nikifa nitakuwa bado naukariri ukurasa ule."

Nikashusha mikono. Akainyanyua tena.

"Wiki ile nilipoolewa ukatusimulia tukiwa mezani. Nikasema moyoni, makubwa! Huyu kameza ukurasa mzima. Hata koma hukuhamisha."

Nilitaka kukaa kitandani.

"Usikae, utaniharibia kipimo."

"Umejua miaka yote hii?"

"Ishirini na miwili."

"Na hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani? Wewe si wifi yangu? Aibu yako naivaa mimi." Akaandika namba kiganjani kwa kalamu. "Ndiyo maana nilihangaika kukitoa kituo kile. Nilimwona kichwani mwangu mwongozaji anakuuliza mbele ya mtoto, nawe unababaika, na mdogo wako anakutazama. Nikasema bora mimi nionekane mshamba wa maduka. Wewe ukanipigia kura."

"Kwa nini basi sasa unanipa kiti?"

"Kwa sababu jana niliuona uso wako. Kumbe hukuwa unakilinda kile kituo kwa ajili ya sifa. Ulikuwa unayataka kweli." Akavuta tepu. "Umenenepa. Nitaongeza inchi moja."

Akatoka. Nikafika shule nimechelewa, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, nikasimama mbele ya Pili B na kuwaambia wasome kimya. Nimesoma kurasa hizi za nyuma tangu Machi, moja baada ya nyingine. Nimemwandika huyu mwanamke mjinga kwenye karibu kila ukurasa, na kila nilipomwandika mjinga alikuwa amesimama mlangoni akinizuia nisianguke. Nyani haoni kundule, na mimi ndiye nyani mwenye shahada.

Jumanne, 27 Mei

Wakati wa chai Binti alikuwa na furaha isiyo kifani.

"Mama anaogopa kindege! Mama! Aliyemuua nyoka kwa pasi!"

Mdogo wangu akacheka mpaka akatoa machozi. Wifi akacheka pamoja nao, akimimina chai, akisema ndiyo, hata akikiona angani magoti yanalegea, na akaigiza magoti. Nilimtazama akiigiza. Nikafungua mdomo, naye akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu.

"Mama yako haogopi kitu," nikasema. "Mimi ndiye sijawahi kufika Maporomoko. Hata mara moja."

Mdogo wangu akashusha kikombe.

"Hata ile mara ya mwongozaji mwenye kofia?"

"Kofia nilimvisha mimi."

"Shangazi," Binti akasema, "mimi nilijibu mtihani kwa maneno yako!"

"Ulipata ngapi?"

"Zote."

"Basi tulia."

Nilitegemea wacheke, nilikuwa nimejiandaa wacheke. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa ananitazama kama siku ile ofisini na ile fomu.

"Nimewaambia watu mtaa mzima," akasema. "Dada yangu ametembea, dada yangu ameona. Na ulikuwa humu ndani, nyuma ya majokofu yangu, unayatamani." Akasugua uso kwa viganja. "Ungesema tu, Dada. Ningekupeleka. Hata mwaka ule nilipokuwa sina kitu, ningekupeleka."

Najua angenipeleka. Hilo ndilo linalouma. Nilimwona miaka yote mtu wa hewa na kalenda, nikaona bora nidanganye kuliko kumwomba. Nikamwambia hivyo, si kwa maneno mazuri kama haya, nikichanganya chai na machozi, na nikamwambia niliandika lile neno kwa kujisikia, si kwa kinyongo, na kwamba kujisikia kwangu kumenigharimu kuliko kinyongo cha mtu yeyote. Nikasema kiti kirudi kwa mkewe.

"Kirudi kwa nani?" wifi akasema. "Koti limeshakatwa. Kunyweni chai, inapoa."

Jumamosi, 14 Juni

Nimeyaona.

Mwongozaji hana kofia. Aliniuliza, "Mama, mara ya kwanza?" Nikasema ya kwanza, kwa sauti, watalii wote wakageuka. Binti alikuwa ananipiga picha, mdogo wangu amesimama pembeni akisema "hewa, Dada, umeiona hewa?" kwa watu asiowajua. Nilibaki pale tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Nilifungua daftari niandike na maneno ya kwanza kuja yakawa yale ya ukurasa wa arobaini na moja. Nikayakata. Nikangoja mengine. Nililowa mpaka kwenye viatu, koti na ile inchi yake moja havikusaidia kitu.

Mwishowe nikapanda ngazi hadi panaposhika mtandao, nikampigia wifi kule kisiwani.

"Uko wapi?"

"Dukani, nachagua kitambaa. Haya, nisimulie."

Nikageuka nikayatazama tena. Nimesimulia jambo hili kwa miaka thelathini na mmoja, kwa maelfu ya watoto, bila kukwama hata siku moja. Nilikohoa. Nikaanza, nikaacha.

"Wifi," nikasema. "Ni maji."

"Enhe?"

"Ni maji mengi."

"Enhe?"

"Mengi kweli, wifi. Sijui niseme nini."

Nyuma yake nilimsikia muuza duka akimuuliza kama akate. Kisha akacheka kile kicheko chake ambacho nilikuwa nakichukia.

"Sasa hapo nakuamini," akasema.